Mpofi si pori tupu: ramani ya mchezo wa ndege isifanywe shahidi wa vita

MPOFI (Masisi-Walikale) — Kijana mwenye kompyuta nzuri anaweza leo kuruka kutoka uwanja wa ndege wa Goma bila kulipa tiketi. Anafungua mchezo wa kurusha ndege, anachagua ndege ndogo, anaipandisha juu ya Ziwa Kivu, anaiacha Sake nyuma, na dakika chache baadaye milima ya Masisi iko chini ya mabawa yake. Akizidi kwenda magharibi, malisho ya ng'ombe yanapungua na msitu unaanza. Pale wilaya mbili zinapokutana, upande wa Mpofi, anaona majani tu, kilima juu ya kilima. Anamgeukia mwenzake na kusema: hapo hapana watu.

Kwa familia zilizohama Mpofi, Kashebere, Kibua na vijiji vya jirani, neno hilo si la kuchezea.

Mchezo wenyewe hauna kosa. Mtoto wa Goma akijifunza kurusha ndege kwenye kompyuta, heri yake, huenda kesho akawa rubani wa kweli. Shida inaanza pale picha ya mchezo inapoacha kuwa mchezo. Duniani kote wapo watu wanaopenda kuchukua ramani za michezo hiyo na kuzilinganisha na ardhi ambako vita ilipiganwa zamani: jeshi hili lilikaa kilima gani, lile lilipita bonde gani, nani aliweza kumwona nani, kijiji kilikuwa wapi. Ni kazi nzuri ikifanywa vizuri. Kule Ulaya inafanywa kwa uvumilivu mkubwa. Ikifika Kivu inafanywa kwa nusu saa, na wanaoijua ardhi hawaulizwi.

Tofauti hiyo ionekane kwanza.

Juni 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza na Kanada yalishuka pwani ya Normandie, Ufaransa. Nyuma yao wahandisi wa jeshi walisawazisha viwanja vya ndege vya muda katikati ya mashamba ya wakulima. Vita iliposonga mbele viwanja viliachwa, na wakulima wakarudi kulima. Picha ya setilaiti ya leo inaonyesha shamba. Lakini anayefungua ramani ya Normandie katika mchezo wa DCS anatua Sainte-Croix-sur-Mer au Longues-sur-Mer kama rubani wa mwaka ule, kwa sababu aliyetengeneza ramani alikataa kuamini picha ya leo na kurudi nyuma kutafuta ya zamani.

Au Stalingrad, kule Urusi. Mji huo sasa unaitwa Volgograd, na kusini mwake upo mfereji unaounganisha mto Volga na mto Don. Mfereji ulifunguliwa 1952. Vita kubwa ya mji huo ilikuwa 1942 hadi mwanzo wa 1943. Mtu akirusha ndege za 1942 juu ya ramani ya leo, atapita juu ya maji ambayo hayakuwepo, pamoja na bwawa kubwa la Tsimlyansk lililokuja na mfereji huo. Wapenzi wa mchezo wa IL-2 Sturmovik ni watu wakali kwa mambo kama hayo, na kosa la namna hiyo wasingelisamehe.

Kwa nini wanaweza kurudi nyuma namna hiyo? Ndege za upelelezi zilipiga picha na picha zikahifadhiwa. Ramani za majeshi ziko maktaba. Na mkulima wa Normandie alirudi shambani kwake vita ilipokwisha, akawaonyesha watoto wake: hapa palikuwa na shimo la bomu, hapa walitua Waingereza. Kila kitu kina wa kukisemea.

Kivu nayo ina historia ya kulinganishwa. Vita vya kwanza vya dunia vilipiganwa hapa. Mwezi wa tisa 1914 Wajerumani walivuka maji na kukamata kisiwa cha Idjwi, na kwa miaka miwili Wabelgiji na Wajerumani walitazamana kwa bunduki kati ya ziwa na volkano, hadi jeshi la Force Publique chini ya Jenerali Tombeur liliposonga mbele na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wapagazi waliobeba mizigo ya safari hizo walitoka vijijini, na majina yao hayako kwenye mnara wowote wa Brussels. Hata ndege zilikuwepo. Mwaka 1916 marubani Wabelgiji walirusha ndege za majini aina ya Short, zilizotolewa na Uingereza, kutoka upande wa Mtoa karibu na Kalemie ya leo, wakavuka Ziwa Tanganyika na kuangusha mabomu Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai ya mwaka ule. Iliinuliwa baadaye na Waingereza ikaitwa Liemba.

Kwa hiyo mtu wa michezo ya ndege akitaka uwanja wa vita wa kweli wenye ndege za kweli, anao hapa Kongo. Lakini ajaribu kuweka vita ya 1914 juu ya Ziwa Kivu la leo. Kati ya 1938 na 1940 volkano ya Nyamulagira ilimwaga moto mpaka ziwani, upande wa Sake, na mdomo wa ghuba ya Kabuno ukabanwa na mawe. Pwani anayoiona kwenye skrini haikuwa pwani ya askari wa 1914. Akitelemka Tanganyika, maji ya ziwa lile hupanda na kushuka, na watu wa Uvira na Kalemie waliofurikiwa 2024 hawahitaji kuelezwa. Na Goma yenyewe? Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Mji uliojengwa juu ya mawe hayo ni mwingine.

Kama ardhi ya ziwa na volkano, vitu vinavyoonekana toka mbinguni, inabadilika hivyo ndani ya maisha ya mtu mmoja, kijiji cha nyumba 40 za udongo kitasemaje?

Sasa umbo la milima kwenye kompyuta linatoka wapi? Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia siku 11 kikipima urefu wa ardhi kwa rada. Vipimo vile, pamoja na vingine vilivyojengwa juu yake, vimekuwa msingi wa ramani nyingi za kompyuta. Kwa miaka mingi kipimo kilichotolewa kwa watu wote kuhusu Afrika kilikuwa nukta moja kila mita 90. Nukta za kila mita 30 zilianza kufunguliwa 2014 tu. Mita 90 kwa mita 90 ni mita za mraba 8,100. Ndani yake linaingia shamba la muhogo, nyumba ya baba, jiko la mama, kaburi la bibi na kijito cha kuchotea maji, na vyote hivyo vinapewa namba moja.

Halafu kuna msitu. Rada ile haikupenya vizuri miti mnene. Masisi kwenye malisho ya wazi, juu ya mita 2,000, ilipima karibu na udongo wenyewe. Ilipotelemka Walikale kwenye miti mirefu, ilipima mahali fulani ndani ya majani. Kilima kikaongezewa kimo ambacho ni cha miti. Bonde jembamba likajazwa. Anayekaa mbele ya skrini na kuuliza "mtu aliyesimama hapa angeweza kuona pale?" anapewa jibu la majani, na aliyelala chini ya majani hayo siku tatu na watoto wake anajua jibu lingine.

Juu ya umbo hilo inatandikwa picha ya setilaiti, na hapo mashine inaanza kukisia. Mchezo wa Microsoft Flight Simulator uliotoka Agosti 2020, uliotengenezwa na kampuni ya Asobo ya Bordeaux, Ufaransa, ulichukua picha za Bing na kuziachia programu ziamue zenyewe: hili ni paa, huu ni mti, hii ni barabara. Kisha programu ikajenga nyumba na kupanda miti dunia nzima. Kazi ya ajabu, hakuna ubishi. Lakini nyumba ya Mpofi mara nyingi ni ya udongo na miti, na paa lake ni la majani. Paa la majani katikati ya majani, programu italitofautishaje? Na kwa sababu mawingu hayaondoki juu ya msitu huu, picha inayotandikwa inaweza kuwa imeshonwa kwa vipande vya miaka mbalimbali, kama kitenge cha viraka. Kipande kimoja ni cha wakati wa amani, cha jirani yake ni cha baada ya moto. Skrini haisemi.

Kisa kimoja kilichekesha dunia nzima mwaka ule. Wachezaji waliokuwa wakiruka juu ya Melbourne, Australia, waliona mnara mwembamba wa ghorofa 212 ukichomoza katikati ya mtaa wa nyumba za kawaida. Mtu mmoja aliyekuwa akijaza ramani ya OpenStreetMap alitaka kuandika ghorofa 2, kidole kikateleza, ikawa 212. Programu haikushangaa, ikajenga. Watu wa Melbourne wakacheka, wakapiga picha, kosa likatafutwa mpaka kwenye chanzo chake.

Mnara ule uligunduliwa kwa sababu Melbourne ina watu wenye umeme, wenye mtandao, wenye muda wa kucheza, na wanaoujua mtaa wao. Kijiji kikiwa hakionekani kwenye ramani ya Walikale, nani atacheka? Aliyekijua yuko kwenye nyumba ya kupangishwa, au kwa ndugu, au chini ya turubai, anatafuta unga wa bugali. Hana habari kwamba kuna ramani inayosema kwao hapajawahi kuwa na mtu. Kosa lake halirekebishwi na yeyote, na likikaa miaka 10 linaitwa ukweli.

Wapo watakaosema huku ni kukuza mambo, kwamba hakuna mwenye akili atakayechukua mchezo akaupeleka mbele ya jaji au mbele ya mwenye kugawa ardhi. Waangalie Bogoro.

Bogoro ni kijiji cha Ituri, kusini mwa Bunia. Kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Kesi ilienda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Majaji waliokaa huko Uholanzi walitakiwa kuelewa kijiji ambacho hawajawahi kukikanyaga: shule iko wapi, barabara ya Bunia inapita wapi, mtu aliyejificha kichakani aliweza kuona nini. Mahakamani zilionyeshwa picha za shule ya Bogoro zinazoweza kuzungushwa kwenye skrini pande zote, kana kwamba mtu amesimama uani. Teknolojia ileile ya michezo, kwa kazi nzito. Na hata hivyo majaji hawakuridhika na skrini. Januari 2012 walipanda ndege wakaja Ituri kutazama wenyewe vilima na barabara ambazo mashahidi walikuwa wakizisema. Desemba ya mwaka huohuo Mathieu Ngudjolo aliachiwa huru. Machi 2014 Germain Katanga alikutwa na hatia, akapewa miaka 12.

Kisha yakaja malipo ya waathirika. Machi 2017 mahakama iliwatambua watu 297, kila mmoja akapewa dola 250 za alama tu, pamoja na misaada ya pamoja ya nyumba, masomo, kazi za kipato na matibabu ya moyo. Ili kutambuliwa, mtu alitakiwa kuonyesha kwamba madhara aliyoyataja yalimpata kweli: kwamba alikuwa na nyumba na ikaangamia, kwamba alikuwa na ndugu na akauawa. Ufikirie mjane anayeulizwa nyumba yake ilisimama wapi, na ramani iliyo mezani inaonyesha majani.

Karibu zaidi na Mpofi kuna Busurungi, Walikale. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei 2009 kijiji hicho kilishambuliwa na waasi wa FDLR, raia wengi wakauawa, nyumba zikateketezwa. Mauaji hayo yalifika hadi Stuttgart, Ujerumani, ambako viongozi wawili wa FDLR walioishi nchini humo walishtakiwa kuanzia Mei 2011 na kuhukumiwa Septemba 2015. Miaka minne na zaidi, katika mji wenye reli na mashamba ya mizabibu, watu walijadili kijiji cha msitu wa Walikale. Je, waliofikiria Busurungi kwa mara ya kwanza siku hiyo waliiona kwa macho ya nani?

Anayesema ramani za mbali hazina madhara hajawahi kuhitaji ramani ya mbali imtetee.

Sasa lile ambalo haliwezi kuonekana kutoka juu, na ambalo kila mzee wa Mpofi analijua. Mtu anatembea msituni Walikale, saa nzima hakuna nyumba, mara anakutana na michikichi imesimama pamoja, mikubwa, imezeeka. Mchikichi haujipangi hivyo wenyewe karibu na migomba iliyogeuka pori. Hapo palikuwa na kijiji. Akitafuta vizuri ataona mafiga matatu, kipande cha chungu, na pembeni kidogo makaburi. Vijiji vingi vilisogezwa kando ya barabara na serikali ya Wabelgiji ili kodi na kazi za lazima ziwe rahisi kusimamiwa. Vingine vilihama kwa ugonjwa. Vingine, kuanzia vita iliyolipuka sokoni Ntoto Machi 1993 mpaka hizi za sasa, vilikimbiwa usiku mmoja. Miti myepesi yenye majani kama mwavuli inameza shamba lililoachwa ndani ya miaka michache. Kutoka mita 1,000 juu, kijiji kilichoachwa na pori ambalo halijawahi kuguswa vina rangi moja.

Upande wa Masisi mambo yamegeuka kinyume chake. Malisho ya wazi anayoyasifia mtu wa mchezo wa ndege, yale yanayofanana na Uswisi kama wageni wanavyopenda kusema, sehemu kubwa yalikuwa msitu na mashamba ya watu. Miti ilikatwa, watu wakasogezwa, ng'ombe wakaingia, seng'enge zikafuata. Picha inaonyesha nyasi safi. Haionyeshi nani alilima pale kabla ya nyasi.

Hata kilichoonekana jana kinapotea. Picha ya 2024 ya Bulengo, Lushagala, Rusayo au Kanyaruchinya kuzunguka Goma inaonyesha mahema meupe mpaka macho yanauma. Baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, kambi hizo zilivunjwa mwezi wa Februari, na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wengi walikotoka ni Masisi. Masisi-mjini ulikuwa umekwisha chukuliwa tangu mwanzo wa mwaka, na mwezi wa tatu Walikale-mjini ukafuata, kabla ya kuachwa mwanzoni mwa mwezi wa nne. Mtu atakayetengeneza mchezo wa vita hii baada ya miaka 20 atachagua picha ya mwezi gani? Akichagua ya 2024, ameweka maelfu ya familia ambazo zimekwisha ondoka. Akichagua ya katikati ya 2025, atakuta mawe meusi na kusema hapakuwa na kambi. Familia zilezile, jiwe lilelile, ushahidi mbili zinazopingana.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Wazazi wengi wanauliza: kuandika majina ya vilima, njia na vijito wakati vita ikiendelea, je, si kuwapa wenye silaha ramani? Vita hii inapiganwa pia na ndege zisizo na rubani. Mwenye kurusha bomu angefurahi kupewa jina la njia ya porini ambayo watu wanaitumia kukimbia.

Wana haki. Ndiyo maana kinachodaiwa hapa kisichanganywe. Njia za kukimbilia, mahali watu wanakolala sasa, visima vinavyotumika leo, hivyo vibaki kichwani mwa wenyewe. Kinachotakiwa kuandikwa ni cha jana: kijiji kilisimama wapi kabla ya kuchomwa, kiliitwaje, kilikuwa na nyumba za akina nani, shule na kanisa vilikuwa upande gani wa kijito, makaburi yako wapi, shamba la nani lilipakana na la nani, na mti gani ulikuwa alama ya mpaka. Daftari hilo likae kwa familia, nakala kwa mtu anayeaminiwa na pande zote, na lisipandishwe kwenye mtandao mpaka wenyewe waseme ndiyo. Mgeni mwenye kompyuta anayedai apewe kila kitu leo kwa jina la historia aambiwe asubiri. Normandie ilisubiri.

Kwa upande wa vijana wa Kivu walioko Kampala, Nairobi, Brussels au Canada, wale wenye mashine na ujuzi, lawama ni ya namna nyingine. Baadhi yao ni hodari kweli. Wanajua kurekebisha uwanja wa ndege wa mchezo mpaka taa ya mwisho. Kumpigia simu shangazi aliyezaliwa Kibua na kumuuliza jina la kilima kilicho mbele ya nyumba yao ya zamani hakuhitaji kompyuta. Ni dakika chache za vocha. Shangazi atasema jina, kisha atasema kwa nini kinaitwa hivyo, kisha nani alizikwa pale, na kabla simu haijakata kijana atakuwa na zaidi ya alichopata kwa wiki nzima ya kuzunguka angani. Asiyepiga simu hiyo, halafu akatoa ramani ya "vita vya Masisi" yenye mishale myekundu na ya bluu, amewadharau wazee wake, hata kama mishale imepangwa vizuri.

Na wenye mamlaka? Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali, na kwamba haki za wanaoishi kimila zitapangwa na amri ya rais. Miongo ikapita bila amri hiyo. Katika pengo hilo, karatasi inashinda mdomo. Mwenye hati kutoka Kinshasa au Goma na picha nzuri ya kutoka juu anafika mbele ya chefu na kusema: tazama, pori tupu. Aliyehama hana hati. Ana majina. Mwenye kukinga mashauri ya ardhi Masisi na Walikale, awe mwami, awe hakimu, awe shirika la upatanishi, akikubali picha ya majani kuwa jibu bila kutuma watu wawili watatu kwenda kutafuta michikichi na makaburi, ametoa hukumu kabla ya kusikiliza.

Kazi yenyewe haina ugumu mkubwa kuanza. Kwenye kambi na kwenye familia zinazopokea, wazee wakae barazani na watoto wa darasa la sita, mzee achore kijiji mchangani kwa fimbo, mtoto anakili kwenye daftari la shule. Wanawake waulizwe peke yao, kwa sababu njia ya mto na ya shamba wanaijua wao, na mbele ya wanaume mara nyingi huachia wengine waseme. Wa makabila tofauti waliokaa kijiji kimoja wachore kila mmoja lake, kisha michoro iwekwe pamoja. Itatofautiana. Pale itakapotofautiana pasifutwe, paandikwe yote mawili, kwa sababu ugomvi wa kesho uko palepale. Redio za jamii zinaweza kusoma majina ya vijiji vya zamani saa ya jioni na kuacha wasikilizaji wapige simu kusahihisha, kama watu wa Melbourne walivyosahihisha mnara wao.

Haraka ipo. Aliyekuwa na miaka 35 siku ya soko la Ntoto, Machi 1993, sasa amekwisha pita 65, na huenda yuko mbali na Ntoto, kwenye chumba cha mtu mwingine, bila mtoto wa karibu wa kumuuliza kile kijito cha nyuma ya soko kiliitwaje.